Kinyozi Hajinyoi

Weka wembe chini, Twahir.
Hebu geukia mwangani nikuone.
Shingo umeigeuza mbuzi ya kukunia nazi.
Vipele vya juma lililopita havijapoa,
ushavikata vichwa tena.
Nani kakufunza kunyoa kavukavu
mbele ya kioo cha kabati, mbio mbio,
kama aliyemwibia mtu uso?

Kaa. Kigoda hicho hicho.
Baba yako alikuwa akikaa hapo.

Ndiyo, baba yako, usinitolee macho.
Mselem wa Bondeni, kinyozi wa watu.
Mabwana harusi walimngoja tangu alfajiri,
na makarani wa Kilindini,
na wazee waliotaka ukingo tu, urefu usiguswe.
Mkono wake ulipita shingoni mwa mtu
kama shuka inayovutwa taratibu mtoto asiamke.
Lakini uso wake mwenyewe ulimshinda.
Mkono ulitetema. Juma la harusi yetu alijikata sikio,
akanijia na pamba, akaniambia, paka.
Kinyozi hajinyoi, watu walisema, wakacheka, wakapita.
Hakuna aliyeuliza: basi yeye hunyolewa na nani?

Na mimi.
Miaka kumi na tisa, kila Alhamisi usiku,
wewe umelala, mlango tumeukomea.
Alinifunza kwa shingo yake.

Maji kwanza. Si ya kisima;
ya kisima yana chumvi, utasugua sabuni hadi Idi
usione povu.
Chota kwenye dramu ya maji matamu,
ndiyo, ya kununua, leo sikugombezi.
Yapashe moto, yawe ya kuogeshea mtoto mchanga.
Chovya kitambaa, kamua, jifunike uso.
Subiri.
Hapana, subiri.
Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, walisema;
hawakusema ukimbilie wembe.
Unywele ulioshiba maji hauna ubishi.

Sasa brashi. Zungusha, zungusha,
povu lisimame kama ute wa yai uliopigwa.

Lete mkono. Funga macho, pitisha vidole.
Shavuni zinashuka. Juu ya mdomo zinashuka.
Lakini hapa, kushoto, chini ya taya,
zinalala kando, zinaelekea sikioni.
Nilijua kabla sijagusa.
Pake pia palikuwa hivi.
Hapa ndipo nilipomkata mara ya kwanza,
naye hakusema kitu.
Alinishika kifundo cha mkono, akakigeuza.

Ngoja, niupanguse wembe.
Najua ni safi.

Haya. Vuta ngozi kwa kidole gumba.
Usibonyeze, wembe mpya una uzito wake,
uache uende zinakokwenda.
Kidogo, suuza. Kidogo, suuza.
Hapo chini ya taya fuata sikio, usifuate haraka yako.
Kikibaki kivuli, kibaki.
Anayetaka uso wa yai ndiye huamka na vipele.

Maji baridi. Kisha shabu,
hiki kipande kilikuwa chake,
kimelika hata kimekuwa kama pipi iliyofyonzwa.
Itachoma. Inapochoma zaidi ndipo ulipobonyeza,
kwa hivyo usipige kelele, kumbuka mahali.
Marashi wachia nguo;
jasho la Mombasa litakupikia shingo.
Tone la mafuta ya nazi, basi.

Alhamisi ijayo utajinyoa mwenyewe.
Wewe si kinyozi, huna udhuru.
Mimi nitakuwa pale mlangoni na kofia yangu ya kushona,
sitasema neno.

Geuka kushoto.
Hapo umesahau.