Tango la Tatu

Kutaisi, majira ya baridi, mwaka ambao umeme
ulikuwa kitu cha kusomwa kitabuni tu.
Tulikaa darasani na makoti. Wino uliganda kalamuni,
na mwalimu Lamara, glavu zake zimekatwa vidole,
akachora ubaoni duara lenye mdomo wazi:
"Hii ni saketi. Ina kasoro gani?"

Hakuna aliyejibu. Plastiki ilipiga makofi
mahali palipokuwa na vioo.

Akasema: mkondo si mgeni wa kwenda tu.
Hauondoki kwenye chanya
kama hauoni njia ya kurudi kwenye hasi.
Acha upenyo wa unywele katika waya
na yote yanasimama, huku na kule, kwa dakika ileile.
Alisema hivyo akikitazama kiti cha Ushangi,
aliyekwenda na baba yake Urusi kutafuta kazi.
(Au labda kiti hicho nimekiongeza mimi.
Miaka thelathini ni waya mrefu,
na waya mrefu una ukinzani.)

Betri? Dukani kulikuwa na siki na viberiti.
Basi kila safu ililetewa zamu yake: tango la chupani,
lile la chumvi ambalo mama huyahesabu,
msumari uliopakwa zinki, kipande cha shaba.
Shaba huku, zinki kule, maji ya chumvi katikati.
"Tango moja halifiki hata volti moja.
Yapangeni kwa mfululizo, mkia wa hili
kichwani mwa lile. Haba na haba."

Matango matano mezani. Taa nyekundu,
ndogo kama punje ya mtama,
imechomolewa kwenye redio ya marehemu mumewe.
Tukatundika makoti mawili dirishani ili giza litimie.
Swichi: kibanio cha karatasi.
Akakibonyeza.

Giza.

Akageuza miguu ya taa, maana taa hii huchagua upande.
Giza.
Akapapasa waya mmoja mmoja, kama anayetafuta chawa
kichwani mwa mtoto,
hadi alipofika kwenye tango la tatu.
Msumari ulikuwa umelala peke yake,
shaba peke yake, na kati yao
tone la maji ya chumvi na mbegu mbili.

Badri akafuta kidevu.

Tulikuwa na njaa sote;
kumcheka kungekuwa kujicheka.
Mwalimu alilitazama lile pengo kitambo,
kisha kwa sauti ya kufundishia: "Saketi imekatika.
Pengo ni pengo, liwe la waya au la tumbo."
Akaunganisha la pili na la nne moja kwa moja.
Volti zimepungua, basi. Manne yatatosha.
Akabonyeza.

Haikuwa taa ya kusomea. Haikumulika hata kucha.
Ilikuwa nukta, kama ncha ya sigara
ya mtu aliye ng'ambo ya mto,
lakini ilikuwapo, na sisi ishirini na wawili
tuliizunguka tumebana pumzi
tusije tukaizima kama mshumaa.
"Pumueni," akasema Lamara. "Hii haizimwi kwa pumzi."

Usiku ule, saa nne na robo, umeme ukarudi mjini.
Jengo letu lote lilipiga kelele, orofa kwa orofa,
na kila mtu akachomeka kila kitu:
pasi, hita, jiko, mashine ya kufulia,
televisheni isiyokuwa na la kuonyesha.
Tulining'inia sote sambamba kwenye nyaya mbili za kale,
kila nyumba na njia yake, kila nyumba ikivuta mkondo wake,
na ampea zikajumlika, zikajumlika,
hadi fyuzi ya ngazini ikasema pa.

Giza tena.
Kwenye ngazi, orofa ya tatu,
sauti niliyoifahamu, isiyo na hasira hata kidogo:
"Nani atanieleza kwa nini?"

Na kutoka juu, mdomo umejaa mkate,
Badri akaanza kujibu.