Mizani ya Mtambwe

Umeme umekatika tangu alasiri.
Betri imebaki asilimia thelathini na moja,
nami n'na nyota sitini na nne za kuzipima mwendo
kabla mama hajaita tule.

Uani karafuu zimeanikwa juu ya majamvi,
harufu imeingia hadi kwenye vitufe.
Mpwa wangu Bikombo anachungulia begani:
"Hizo namba ndizo nyota?"
Ndizo. Hii inatujia, nuru yake imeelemea buluu.
Hii inatukimbia, imevutwa kwenye wekundu.
Kilomita tisa kwa sekunde. Kumi na moja. Saba na kitu.
Galaksi yenyewe kibete, hafifu,
kwenye darubini utadhani alama ya kidole
mtu kaisahau juu ya kioo.

"Na uzito wake? Utaitia guniani?"

Basi nikamweleza habari za babu yake, asiyemjua.
Shaame Faki, karani wa mizani
kituo cha karafuu cha Mtambwe, misimu kumi na tisa,
kalamu sikioni, daftari la jalada jeusi.
Mchukuzi akitokea kona ya msikiti, gunia mgongoni,
baba hakulitazama gunia. Alitazama magoti.
Alitazama kisigino kinavyoligusa vumbi,
hatua ngapi toka konani hadi kizingitini,
na wapi mtu anasimama kuvuta pumzi.
"Arubaini na nane," atasema.
Mizani itasema arubaini na nane na nusu,
na mtu atalipia kahawa.

Kwa nyota hesabu imegeuka, Bikombo:
mchukuzi uzito humpunguza mwendo,
nyota humwongezea. Ila jicho ni lile lile.
Kasi mara kasi, mara umbali toka katikati,
gawa kwa namba ndogo ya mvutano.
Nyota iendayo mbio hivi ingekwisha toroka
lau hapana kitu kinachoishika.

Mwaka wa mavuno makubwa akaja Ngwali Makame.
Baba akamtazama tangu konani. "Thamanini."
Gunia likapanda: hamsini na mbili.
Likashushwa, sahani ikafutwa, likapandishwa tena.
Hamsini na mbili.
Baba hakuwa mtu wa kukosea kilo tatu,
sembuse ishirini na nane.
Akavua miwani.
"Ngwali, chengine umebeba nini?"
"Hamna, karani. Andika hamsini na mbili."
Akaandika. Risiti hulipa kilichopanda mizani.

Baada ya hapo kila mtu na lake.
Wapo waliosema deni.
Wapo waliosema mkewe kavukia Tanga na harudi.
Wapo waliosema kifua. Mwenyewe hakusema,
na baba hakuuliza mara ya pili;
ila pembeni ya daftari, kwa penseli, pana 28,
nimeiona kwa macho yangu,
haina maelezo.

Ya sitini na nne. Asilimia nne.
Nimejumlisha nuru yote: uzito kiasi hiki.
Nimejumlisha mwendo:
galaksi inatembea kama iliyobeba mara mia.
Wenzangu wanacho jina cha kukiita kisichoonekana,
na jina si kitu,
hata Mtambwe majina yalikuwepo, matatu,
na kila mwenye lake aliapa.
Nimerudia. Nimetoa nyota mbili ninazozishuku,
huenda ni pacha zinazozungukana zikanidanganya.
Imeshuka kidogo. Haikushuka ya kutosha.

Kioo kinazima.
Naazima penseli ya Bikombo, naandika namba zote mbili
nyuma ya karatasi ya mafunzo yake ya hesabu,
na baina yake sitii alama yoyote.

Mama anaita. Chakula kinapoa.
"Huyo Ngwali yu hai?"
Yu hai. Juzi kapita hapa nje, anakwenda sokoni,
kikapu kitupu.
"Anatembeaje?"

Nikatafuta viatu vyangu gizani kwa mguu.
Nilimwamkia. Aliniitikia vizuri.
Magoti sikuyatazama.