Zamu Yangu ya Kumpikia Kasisi

Jumamosi, Kasisi Atsango, ulipomzika Peris wa Anyika
na wazee wa kanisa wakataka jeneza libaki nje, juani,
ulilishika ubavu kwa mkono wako mwenyewe
ukasema, "Mtoto huyu asiitwe muuaji mbele yangu."
Niliitika amina. Niliitika kwa sauti
mpaka Mama Rodha akanidunga kwa kiwiko.

Mimi ndiye niliyemwosha. Sitasema nilichokiona.
Nitasema tu kwamba alikuwa amepaka kucha rangi ya zambarau
na kidole gumba cha kushoto hakikuwa kimemalizika.

Lakini Jumapili ulipanda mimbarini na karatasi.
Wewe, usiyehubiri na karatasi!
Ukasoma kwamba kuna mazingira na mazingira,
kwamba dhamiri ya mwanamke ni hekalu,
kwamba kanisa limekuwa likijibu swali lisiloulizwa.
Ukasema "kiinitete."

Miaka thelathini na mmoja katika zahanati hii ya Butere,
kwa taa ya chemli, kwa tochi iliyobanwa menoni,
nimepokea waliotanguliza miguu,
waliotoka na rangi ya wino,
waliozaliwa mvua ikivuja juu ya migongo yetu.
Sijapata kupokea kiinitete.
Hata yule wa miezi mitano
aliyepumua mara nne (nilihesabu)
nilimwandika daftarini: Zefania.
Mama yake aliomba kuliona jina. Hakujua kusoma.
Alilishika tu, kwa kidole.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Na mkunga je?

Nani alikubadilisha? Ni kule chuoni Limuru?
Ni wale wageni wa semina, wenye viatu visivyojua tope?
Nilikukaririsha mimi ile aya ya kuumbwa sirini,
ukiwa na kaptula iliyochanika, ukikosea, ukirudia,
na ulipoipata nikakupa kipande cha muwa.
Nilikaa kwenye benchi langu kama mtu aliyesikia
nyumba yake ikitangazwa mnadani
na dalali ni mwanawe.

Usidhani sijui mengine.
Jumatano ile Peris alikaa nyuma, karibu na mlango,
akaomba maji mara mbili, akaficha tumbo kwa kitabu cha nyimbo.
Jicho la mkunga halistaafu.
Nilijua.
Nikaendelea kuhesabu pesa za Umoja wa Akina Mama,
noti juu ya noti, sarafu kando,
nikijiambia atakuja mwenyewe, jioni, kupitia nyuma.
Hakuja. Alienda kwa yule mtu wa dukani Sabatia.

Kwa hiyo swali liliulizwa, Kasisi.
Liliulizwa kwa kiu, mbele ya macho yangu,
nami nilikuwa na shilingi elfu mbili mia nne na kumi mkononi.
Lakini jibu lake, mwanangu, halikuwa kwenye karatasi yako.
Jibu lilikuwa kikombe cha uji, kitanda, na mlango wangu wa nyuma,
na mtoto yule sasa angekuwa anapiga teke.
Mimi nililala na jibu. Wewe umelibadilisha.
Sijui yupi kati yetu atatangulia kuulizwa.

Leo Jumanne. Orodha ya zamu ipo ukutani
na jina langu liko pale, kwa mwandiko wangu.
Mjukuu amemchinja jogoo mwekundu.
Mrenda uko tayari, ugali wa wimbi unafuka.
Naisikia pikipiki yako ikipanda kutoka stesheni.

Firigisi nimeitoa sufuriani. Nimeirudisha.
Nimeitoa tena.
Kwetu hakuna asiyejua firigisi huwekewa nani,
na sahani ikija bila firigisi
husema neno ambalo hakuna chai ya kulisafisha.

Utakula kwangu. Chumvi sitakunyima.
Ukishashiba nitakuuliza jambo moja:
uliposoma, kidole chako kiliruka mstari,
nilikiona, ukameza mate ukaendelea.
Mstari ule ulisema nini?

Hodi.
Karibu, naitikia,
na mwiko ungali hewani, unadondoka mchuzi.