Mita Kumi

Alikuja Jumanne, ukungu wa Newala bado umelala barabarani,
Bwana Afya Chilumba, futi ya chuma kiunoni,
karatasi ya halmashauri mkononi, muhuri haujakauka.
Nilimwekea chai. Hakuigusa. Nikajua si salamu.

"Sheria ndogo, Mama Asumini.
Mvutaji akae mita kumi
kutoka mlango wowote wa biashara, dirisha lolote.
Faini elfu hamsini ni ya kwanza. Ya pili usiniulize."

Nikaibana ncha ya futi kizingitini kwa kidole cha mguu.
Yeye akaenda kinyumenyume, anahesabu kwa sauti.
Mita nne: benchi la Hokororo,
anayenunua sigara mojamoja
tangu benchi hilo lilipokuwa na mgongo.
Mita sita: karai la mihogo la Somoe.
Mita nane: mtaro.
Mita kumi: futi ikagonga dirisha la fundi Mkwemba.
Akatoa kichwa, pini mdomoni:
"Na kwangu je, si biashara?"

Tukapima kutoka kwa Mkwemba, tukarudi kwangu.
Tukapima kutoka duka la dawa, tukaingia kwa kinyozi.
Kinyozi akasema yeye haingizwi.
Mtaa huu ulijengwa na watu
waliotaka kusikiana wakipiga chafya.

Saa nne ukungu ukanyanyuka, ukatukuta
nusu ya mtaa tunaifuata futi kama bibi harusi,
watoto mbele, Somoe na mwiko wake nyuma,
mpaka kwenye msingi wa nyumba ambayo haikujengwa
tukapata kipande cha ardhi
kisicho karibu na mlango wa mtu.
Upana wa mkeka mmoja.
Bwana Afya akachora duara kwa chokaa.
"Hapa," akasema, na jasho lilikuwa linamtoka.

Hokororo akaingia.
Mzee wa miaka sitini na minane, amesimama katikati ya chokaa
kama mwali siku ya kutolewa,
watu wote wanamtazama,
na kiberiti kinakataa kuwaka.
Sikujua nicheke au nimpelekee kiti.
Nilimpelekea kiti.

Sisemi sheria ni mbaya.
Nimeviosha visahani vyenye majivu miaka kumi na mitatu.
Nimemgeuza baba kitandani, kifua chake kinapiga filimbi,
bado ananyoosha vidole viwili
kuomba kitu ambacho hakimo ndani yake.
Na Asumini wangu ana pumu.
Tangu chokaa kipigwe
hajaamka usiku kupapasa ukuta akinitafuta.
Mauzo yameshuka. Mtoto analala.
Ukinipa mizani nitakwambia upi mzito.

Kisha ukaja mwezi wa sita.
Mabomba ya salfa yakaanza kunguruma mikoroshoni,
na vumbi la njano likaingia mjini
bila hodi, bila kuuliza mita,
likatua kwenye chapati, kwenye cherehani ya Mkwemba,
kwenye duara la Hokororo, likalifuta.
Usiku wa tatu nikasikia kiganja ukutani.

Asubuhi nikaenda ofisini.
"Na hii, Bwana Afya, ikae mita ngapi?"
Akatazama dirisha lake. Akapitisha kidole kwenye kioo,
kidole kikatoka njano, akakificha mfukoni.
"Korosho, Mama Asumini," akasema taratibu,
"ndiyo inayonilipa mshahara."
"Na ndiyo inayoninunulia chai," nikasema,
maana uongo nao ni moshi.
Tukanyamaza. Akakohoa yeye. Nikakohoa mimi.

Futi ilikuwa mezani, imejikunja.
Nikamwomba aniazime.
Hakuuliza ya nini. Akaisukuma upande wangu.

Ipo nyumbani, juu ya kabati la vikombe.
Jioni naishusha, naivuta kidogo, inajirudisha.
Bado sijajua
ncha yake niibane wapi.