Mwisho hadi Mwisho

Kibanda changu kipo Kirumba, Mwaloni:
meza moja, bisibisi saba,
na harufu ya dagaa iliyozama mpaka ndani ya spika za simu.
Mama Ngollo anainamia kioo kilichopasuka.
"Kabula, haya maandishi yanayojileta yenyewe
yanasemaje?"

Yanasema ujumbe umefumbwa, mwisho hadi mwisho.

"Umefumbwa na nani?"

Na hesabu, mama. Hata wenye mtambo hawaoni ndani.

Anacheka, pengo lote nje.
"Kama madalali, basi.
Dalali anamwambia mwenzake, *leo mgeni kavaa viatu*,
nawe umesimama palepale na gunia lako
hujui kwamba bei imepanda."

Nikanyamaza. Mwaka mzima
nilikuwa natafuta mfano huo.

Lakini namba yake ya siri kaiandika kwa kalamu
ndani ya kava, nyuma ya picha ya marehemu mumewe.
"Mwizi atamwogopa. Hukumjua wewe."
Na kale kakufuli ka juu ya kioo kwake ni hirizi:
akikaona, anatulia;
asipokaona, anapiga bismillahi, analipa hivyohivyo.

Zamani, anasema, barua zetu zilivuka kwenda Ukerewe
zimegandishwa kwa ugali wa moto.
Haikufunguliwa njiani hata moja.
Ilifika nzima. Halafu bibi, asiyejua kusoma,
akamwita mtoto wa jirani,
na majirani wakaja na vigoda vyao.

Simu ikatetemeka mkononi mwangu.
"Nisomee. Miwani nimeiacha Nyakato."

Nyuma yake foleni ya watu wanne,
masikio yamekaa kama ndoana.

Ni binti yake, wa Bukoba.
*Mama majibu yametoka. Usimwambie mtu kwanza.*

Maneno tisa
yamevuka ziwa zima yamefumbwa,
mnara kwa mnara, kisiwa kwa kisiwa,
hakuna jicho lililoyagusa,
yamekuja kufumbuka hapa,
kwenye kiganja chenye grisi
cha mtu ambaye hakuandikiwa.

"Soma basi, mwanangu. Kwa sauti, upepo huu."

Nikalaza simu kifudifudi juu ya meza.

Chaji imekata, mama. Pita huku ndani ukae,
niwamalize hawa kwanza.

Ilikuwa na asilimia sitini na moja.