Daftari la Viuno

Mimi fundi wa Ngara. Miaka ishirini na sita
nimezungusha tepu viunoni mwa watu.
Daftari langu hujua kabla ya daktari.

Gathogo, inchi thelathini na nne: harusi.
Gathogo, arubaini na moja: cheo.
“Achia nafasi, fundi, Mola anazidi kunijalia.”
Nikaachia.

Bi Sahra wa Eastleigh alitaka buibui pana,
akacheka: “Chini ya hili nani ataniona?”
Sukari ilimwona.

Jaspreet, yeye mwembamba kama sindano,
kitumbo tu, kama chapati iliyofura juu ya moto.
Nikamwambia, wewe huna la kuhofia.
Alianguka mlangoni pa duka lake, funguo mkononi.
Presha haipimi kwa tepu yangu.

Juzi mke wa Gathogo kaleta koti.
“Mkono wa kushoto hauingii tena wenyewe.
Pasua hapa, tia vifungo vya kubana,
nipate kumvisha.”
Nikapasua. Mkasi ulikuwa mzito.

Kitambaa hukunjwa ndani, kikaachiwa akiba.
Mshipa wa damu, aliyeushona
hakuacha hata nusu inchi.

Usiku, cherehani zimenyamaza,
nikajizungushia tepu mwenyewe.
Nikavuta tumbo ndani, kama wateja wote.
Kisha nikaliachia.

Sikuandika.

Asubuhi sikufungua duka.
Nilikaa kwenye benchi la zahanati, Pangani,
nyuma ya mwanamke mwenye kikohozi,
mkono wa shati nimeukunja hadi begani
saa nzima kabla ya kuitwa.