Kirukanjia wa Rafu ya Tatu

Chupa hii ilikuwa ya kahawa; kifuniko bado chekundu.
Ndani, kirukanjia,
pua ndefu imebonyea kwenye kioo
kama mtoto anayechungulia dukani.

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi
namwongezea spiriti.
Mhadhiri humwita kwa Kilatini, ulimi ukijikunja.
Kamusi yetu inampa maana mbili:
mnyama mdogo wa porini,
na mwanamke ambaye majirani humsema wakishusha sauti.
Kwa hiyo ya pili
hakuna aliyewahi kumtaka radhi,
wala mnyama, wala mwanamke.

Mkude ndiye aliyemleta. Huko kwao, juu Uluguru,
kwenye ukungu ambao nguo haikauki siku tatu,
alifukia ndoo ishirini, midomo usawa wa ardhi.
Alfajiri kumi na tisa zina maji na majani.
Ya ishirini ina huyu.
"Nilimkuta amekwisha kufa," huniapia hadi leo.
"Njaa. Saa chache bila mdudu mdomoni, basi."
Mwepesi kuliko sarafu ya mia mbili.

Bibi yake Mkude alisema: akivuka njia ya watu
hafiki ng'ambo.
Huyu kavuka Chalinze, Mlandizi, Kibaha,
Kimara kwenye foleni,
amelala ndani ya mfuko wa koti,
hadi hapa Mlimani.
Nacheka peke yangu. Mlimani!
Mlima gani, kilele chake tangi la maji?

Na tangi lenyewe tupu.
Wiki ya pili bomba linakohoa hewa;
kule Msewe dumu limepanda bei mara mbili.
Fundi kasema Ruvu imepungua.
Sikumuuliza Ruvu inaanzia wapi.
Nyumbani nina gunia la mkaa, nililinunua juzi,
kipande kimoja hakikuiva,
gome lake lilinuka mvua.
Nilikitia jikoni hivyo hivyo. Maharage hayangoji.

Kwenye lebo, chini ya tarehe, mwandiko wa Mkude:
*Waliobaki*, na nukta nukta.
Miaka kumi na mmoja, hakuna aliyejaza.
Kalamu ninayo, iko sikioni.

Nimemgeuza. Pua sasa inatazama dirisha la magharibi,
ingawa kuna jengo jipya, haoni kitu.
Nyuma yangu bomba likaguna,
likatema kahawia, mchanga,
na uzi mmoja wa mzizi.
Nikakinga kiganja.
Sikujua ninawe, au nimwonyeshe.